John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyetia upepo kwenye gurudumu

Msikilizaji wetu, unapomwambia fundi akujazie upepo, iwe ni baiskeli, bodaboda au Noah ya abiria, unaendeleza kazi iliyofanyika uani kwa daktari wa mifugo mjini Belfast, Ireland. Jina lake unalijua kwa kulisoma kwenye matairi: Dunlop.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Scotland. Alisomea udaktari wa mifugo Edinburgh, kisha mwaka 1867 akavuka bahari kuhamia Ireland.

Mwaka 1887 mwanawe Johnny alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu. Magurudumu ya siku hizo yalivishwa mpira mgumu, mzito, usio na uwazi ndani, na barabara zilikuwa za mawe. Mtoto alitikiswa vibaya. Dunlop akachukua mpira mwembamba, akaugundisha ukawa tyubu, akaufunga kwa kitambaa kuzunguka duara la ubao na kuujaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Akalibingirisha uani, na gurudumu la zamani pia. La zamani likaishia njiani. Lenye upepo likavuka ua wote, likagonga nguzo ya geti na kudunda kurudi.

Siri yake wengi bado hawaijui. Mzigo wa gari haubebwi hasa na mpira; unabebwa na upepo uliofungiwa ndani. Mzigo ukiongezeka, upepo nao uongezwe. Ndiyo maana yale magari ya watalii yenye kitanda, jiko na tangi la maji hayajazwi sawa na gari tupu la aina hiyo hiyo, na mara nyingi matairi ya nyuma huhitaji upepo zaidi. Upepo ukipungua, tairi hukunjika ubavuni, hupata joto na mwisho hupasuka. Ukizidi, gari hudunda na tairi huliwa katikati. Kipimo sahihi kwa kawaida kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo tu, usiijaze hiyo kwa mazoea. Na pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa la baridi.

Turudi kwa Dunlop. Mwaka 1888 alipata hataza ya uvumbuzi wake. Mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Willie Hume aliingia mashindanoni Belfast na matairi hayo manene, akashinda. Wafanyabiashara wakaja mbio, kampuni ikaanzishwa Dublin. Lakini hataza ikabatilishwa: Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa ameandikisha wazo hilo tangu 1845, kabla ya baiskeli kuenea, likasahaulika. Kwa maoni yangu Dunlop anastahili sifa bado, maana ndiye aliyelifanya likatumika. Fedha, hata hivyo, hazikumfuata. Alijitoa katika kampuni miaka ya 1890, na ilipouzwa mwaka 1896 kwa pauni milioni 3, wengine ndio waliotajirika.

Kuna waliolipa zaidi yake. Matairi yalipotakiwa kila mahali, bei ya mpira ilipanda, na huko Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema utomvu. Walioshindwa kufikisha kiasi walichapwa, wakauawa, wengine wakakatwa mikono. Dunlop hakuhusika na ukatili huo, ila historia ya tairi haisimuliki bila Kongo.

Yeye alibaki Dublin, akafariki tarehe 23 Oktoba 1921 akiwa na miaka 81. Baadaye picha yake, na ndevu zake ndefu, iliwekwa kwenye noti ya pauni 10 ya benki moja ya Ireland Kaskazini.