Thomas Beecham: Mchunga kondoo aliyetajirika kwa vidonge vya shubiri

Mwaka 1909 madaktari wa Uingereza walifungua kikasha cha vidonge vilivyokuwa maarufu kuliko karibu vyote nchini humo, wakavipima maabara na kupiga hesabu. Kikasha hicho chenye vidonge 56 kiliuzwa kwa shilingi 1 na peni 1 na nusu. Malighafi iliyokuwamo ndani yake iligharimu moja ya nane ya peni.

Aliyeanzisha biashara hiyo hakuwa daktari wala mfamasia. Alikuwa mchunga kondoo aliyeanza kazi akiwa na umri wa miaka 8. Jina lake ni Thomas Beecham, na maisha yake yana somo kwa kila anayeuza bidhaa, na zaidi kwa kila anayenunua kwa kuamini maneno yaliyoandikwa juu ya boksi.

Malishoni

Beecham alizaliwa Desemba 3, 1820, katika kijiji cha Curbridge, mkoani Oxfordshire. Familia yake ilikuwa ya vibarua wa mashambani na shule aliyoipata ilikuwa kidogo sana. Wakati watoto wa wenye uwezo wakisoma, yeye alikuwa malishoni na kondoo wa watu.

Huko ndiko alikojifunza mitishamba. Mchungaji aliyekuwa mbali na msaada wowote alilazimika kujua jani la kumpa mnyama aliyevimbiwa au anayeharisha. Kijana huyo akapata sifa ya kuponya mifugo, kisha wanakijiji nao wakaanza kumwendea kwa maradhi yao wenyewe. Akaanza kutengeneza vidonge kwa mkono na kuviuza.

Hata hivyo, vijiji vya kusini havikuwa na fedha. Mwaka 1850 kibarua wa shamba nchini Uingereza alilipwa kwa wastani shilingi 9 na peni 6 kwa wiki. Kwa mtu huyo, kikasha kimoja cha dawa cha shilingi 1 na peni 1 na nusu kilikuwa sawa na karibu moja ya nane ya mshahara wa wiki nzima.

Beecham akafanya jambo ambalo mfanyabiashara yeyote mdogo atalielewa: alifuata soko. Mwishoni mwa miaka ya 1840 alihamia Lancashire, kaskazini, eneo la viwanda vya nguo na machimbo ya makaa ya mawe, ambako maelfu ya wafanyakazi walipokea fedha taslimu kila mwisho wa wiki. Aliuza vidonge vyake kwenye magulio, kisha akafungua duka la mitishamba katika mji wa Wigan. Mwaka 1859 biashara yake ilikuwa imehamia mji jirani wa St Helens.

Kwa nini watu walinunua

Ni rahisi leo kuwacheka wanunuzi wa enzi ya Malkia Victoria, lakini walikuwa na sababu. Daktari alikuwa ghali. Isitoshe, madaktari wengi wa wakati huo bado walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu na kuwapa dawa zenye zebaki. Ugunduzi kwamba vijidudu ndivyo vinavyosababisha maradhi mengi ulikuja kuthibitishwa baadaye, na Robert Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882 tu.

Aidha, chakula cha familia za wafanyakazi kilikuwa zaidi mkate, viazi na chai, na kufunga choo lilikuwa tatizo la kawaida. Vidonge vya Beecham vilikuwa na shubiri, tangawizi na sabuni. Watu wa Pwani ya Afrika Mashariki wanaijua shubiri kwa uchungu wake, hata imekuwa mfano katika maneno ya kila siku. Utomvu huo uliokaushwa hulegeza tumbo, na tangawizi hupunguza msokoto. Kwa hiyo aliyemeza vidonge hivyo aliona kweli kuna kitu kimefanyika, na wiki iliyofuata alirudi kununua.

Hapo ndipo penye siri ya kwanza ya biashara hiyo. Tangazo humleta mteja mara ya kwanza, lakini asipoona chochote harudi. Beecham hakuuza maji matupu. Tatizo lilikuwa kwamba vidonge vilifanya kazi moja, ilhali matangazo yalidai vinafanya kazi nyingi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, udhaifu wa neva, hata matatizo ya wanawake.

Gini moja

Agosti 1859 Beecham alitangaza vidonge vyake katika gazeti la St Helens, akisema kwamba kila kikasha kina thamani ya gini moja. Gini ilikuwa shilingi 21, yaani karibu mara 19 ya bei ya kikasha. Masimulizi yanasema maneno hayo aliyasikia kwa mteja mwanamke aliyeisifia dawa yake sokoni. Yawe yalitoka kwake au kwa mteja, hakuyaacha tena. Yalichapishwa kwenye vikasha, magazetini na kutani kwa miongo mingi.

Ukiyatazama maneno hayo kwa jicho la uchumi, hayakusema lolote kuhusu dawa. Hayakutaja kilichomo wala kiasi chake. Yalichofanya ni kumpa mnunuzi kipimo cha bei. Mtu aliyeambiwa kwamba bidhaa ni ya shilingi 21, kisha akaiona kwa shilingi 1 na peni 1 na nusu, alijiona ameokota, hata kama hakujua imetengenezwa kwa nini.

Wakati nao ulimsaidia. Mwaka 1853 serikali ya Uingereza ilifuta kodi ya matangazo ya magazeti, mwaka 1855 ikafuta kodi ya stempu ya magazeti, na mwaka 1861 ikafuta kodi ya karatasi. Magazeti yakawa bei nafuu, yakaongezeka, na yote yalihitaji watangazaji. Reli nazo zilikwisha kuunganisha miji, hivyo kikasha chepesi kilichotengenezwa St Helens kiliweza kufika duka lolote nchini kwa gharama ndogo.

Stempu ya serikali

Dawa za aina hiyo ziliitwa dawa za hataza, lakini nyingi hazikuwa na hataza yoyote. Anayeomba hataza hulazimika kueleza uvumbuzi wake hadharani, na baada ya miaka kadhaa kila mtu huruhusiwa kuutumia. Wauzaji hawakutaka hivyo. Waliificha mchanganyiko na kulilinda jina. Kila aliyetaka angeweza kusaga shubiri na tangawizi, lakini hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuandika Beecham juu ya boksi.

Serikali ilitoza kodi kwa kubandika stempu kwenye kila kikasha. Kwa dawa ya shilingi 1 kodi ilikuwa peni 1 na nusu, na ndiyo maana bei ilikuwa shilingi 1 na peni 1 na nusu. Stempu hiyo ilikuwa risiti ya kodi tu. Hakuna ofisa aliyepima dawa kabla ya kuibandika. Lakini wanunuzi wengi walipoona alama ya serikali waliamini kwamba serikali imeithibitisha dawa. Hivyo kodi iliyokusudiwa kuingiza mapato ikageuka kuwa tangazo la bure, na serikali, iliyokuwa ikipata fedha kwa kila kikasha, haikuwa na haraka ya kuwabana wauzaji.

Joseph aingia

Mtoto wake mkubwa, Joseph, aliyezaliwa mwaka 1848, ndiye aliyeikuza biashara kupita mipaka ya Lancashire. Kati ya mwaka 1885 na 1887 kilijengwa kiwanda kikubwa chenye mnara wa saa mjini St Helens. Mwaka 1890 kampuni ilianza kutengeneza vidonge Brooklyn, New York, ili kulifikia soko la Marekani kwa karibu.

Kilichopanda kwa kasi zaidi ni matumizi ya matangazo. Mwaka 1884 kampuni ilitumia pauni 22,000 kwa kazi hiyo. Mwaka 1889 ilitumia pauni 95,000. Joseph alitangaza magazetini na kwenye mabango, akachapisha hata vitabu vya nyimbo na muziki vya bei nafuu vilivyobeba jina la vidonge, vikaingia nyumbani mwa watu na kukaa humo miaka.

Fedha hizo hazikutoka hewani. Zilitoka kwa yule mnunuzi wa shilingi 1 na peni 1 na nusu. Ukiondoa kodi, zilibaki peni 12. Ukiondoa moja ya nane ya peni ya malighafi, karibu zote zilizobaki zilikuwa za mishahara, usafiri, muuza duka, matangazo na faida. Kwa maneno mengine, mgonjwa alikuwa akilipia gharama ya kushawishiwa kununua, kuliko alivyolipia dawa.

Thomas Beecham mwenyewe aliiachia familia shughuli hizo mwaka 1895. Alifariki dunia Aprili 6, 1907, akiwa na umri wa miaka 86, mtu tajiri.

Siri yafichuliwa

Miaka miwili baadaye Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha kitabu kilichoorodhesha dawa za siri, kilichomo katika kila moja na gharama yake. Vidonge vya Beecham vilikuwamo. Madaktari nao walikuwa na maslahi yao, kwa kuwa kila aliyenunua vidonge dukani ni mgonjwa ambaye hakwenda kwao. Lakini takwimu zao zilikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza mwananchi wa kawaida aliweza kuona anachonunua.

Bunge liliunda kamati kuchunguza dawa hizo mwaka 1912. Ripoti yake ilitoka Agosti 1914, wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, ikasahauliwa. Sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kuandika kilichomo ndani ya dawa ilikuja mwaka 1941, zaidi ya miaka 80 baada ya tangazo la gini moja.

Kampuni baada ya mwanzilishi

Mjukuu wa mchunga kondoo, aliyeitwa pia Thomas Beecham, alitumia utajiri wa familia katika muziki na kuwa kiongozi wa okestra mwenye jina kubwa duniani. Kampuni nayo ilipita mikononi mwa wawekezaji wengine, ambao katika miaka ya 1940 walijenga maabara za utafiti.

Mwaka 1957 wanasayansi wa maabara hizo walifanikiwa kutenga kiini cha penisilini, hatua iliyowezesha kutengenezwa kwa penisilini za aina mpya. Ampisilini ilitoka mwaka 1961 na amoksilini mwaka 1972. Dawa hizo zimetibu nimonia na maambukizi mengine kwa mamilioni ya watu, wakiwamo wa Tanzania, Kenya na Uganda. Mwaka 2000 kampuni iliyorithi jina la Beecham iliungana na nyingine na kuunda GlaxoSmithKline. Vidonge vya shubiri vilikuwa vimeacha kutengenezwa mwaka 1998.

Tofauti kati ya bidhaa hizo mbili inaonekana juu ya boksi. Boksi la Beecham lilikuwa na jina, stempu na ahadi. Boksi la amoksilini lina jina la dawa yenyewe, kiasi chake kwa miligramu, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. La kwanza lilimtaka mnunuzi aamini; la pili linampa kitu cha kukagua.

Mkulima anayenunua dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kupulizia nyanya yuko katika nafasi ileile ya kibarua wa Oxfordshire: fedha ni chache, ugonjwa haungoji, na tangazo ni tamu. Maswali ya kuuliza dukani ni matatu. Ndani kuna nini, kwa kiasi gani, na nani amepima? Muuzaji anayeweza kuyajibu hana haja ya gini.