Mama wa Epworth na Saa Yake ya Kusoma

Leo naomba nizungumze na wewe mama unayewafundisha watoto wako nyumbani, iwe umechukua shule yote mikononi mwako au unakaa nao mezani kila jioni na madaftari yao. Najua unachosoma: hesabu za darasa la nne, hadithi za watoto, somo la shule ya Jumapili. Ni lini mara ya mwisho ulifungua kitabu kwa ajili ya nafsi yako mwenyewe? Pengine ukikishika tu, moyo unakusuta. Vyombo havijaoshwa, mdogo analia, na wewe umekaa unasoma! Unajiona kama unawaibia watoto muda wao.

Basi nikusimulie habari za Susanna Wesley. Wengi tunamtaja kwa sababu ya wanawe wawili: John, aliyeongoza uamsho uliozaa Kanisa la Methodisti, na Charles, aliyetunga maelfu ya nyimbo, nyingine zimo hata katika vitabu vyetu vya nyimbo. Mimi leo namtaka mama mwenyewe, na vitabu vyake.

Alizaliwa London tarehe 20 Januari 1669, kitinda mimba katika nyumba ya watoto 25. Baba yake, Samuel Annesley, alikuwa mhubiri aliyeondolewa kanisani kwake mwaka 1662 kwa kukataa kufuata taratibu za Kanisa la Uingereza. Nyumba ile ilijaa vitabu na wachungaji wenye kubishana. Vyuo vikuu havikupokea wasichana, lakini Susanna alisikiliza, akasoma. Kabla hajafikisha miaka 13 alikuwa amezipima hoja za pande zote mbili, akaamua kurudi katika kanisa lile lile lililomwondoa baba yake. Hebu fikiri binti yako wa darasa la saba akikuletea uamuzi wa namna hiyo mezani.

Mwaka 1688 aliolewa na Samuel Wesley, baadaye kasisi wa Epworth, mji mdogo wa Lincolnshire, na huko akaishi karibu miaka 40. Alizaa watoto wapatao 19. 10 tu ndio waliokua. Mumewe alikuwa msomi hodari na mtu mgumu, asiyejua kushika fedha. Mwaka 1705 alifungwa Lincoln kwa ajili ya deni. Susanna akampelekea pete zake azitumie, naye akamrudishia. Askofu Mkuu wa York alipomuuliza mama huyu kama amewahi kukosa mkate, alimjibu kwamba hasa hasa hakuwahi kuukosa, ila taabu ya kuupata na kuulipia ilikuwa nzito mno hata ikakaribia kuwa sawa na kutokuwa nao. Kwa hiyo usidhani alisoma kwa sababu alikuwa na nafasi.

Tangu ujana alijiwekea kanuni: muda wa burudani kwa siku usizidi muda anaoutumia faraghani na Mungu. Alipokuwa mama, aliandika tafakari zake katika daftari na kuzitenga kwa saa: asubuhi, adhuhuri, jioni. Alimsoma Pascal, Mfaransa yule mwanahisabati aliyeandika juu ya imani. Alimsoma mwanafalsafa John Locke na kupambana na hoja zake kwenye kurasa zile. Mwanawe John alipokuwa Oxford akamwandikia kuhusu Thomas à Kempis, walijadiliana kwa barua kama wanafunzi wawili wa darasa moja. Wahubiri wetu hupenda kusimulia kwamba alijifunika aproni kichwani ili apate kuomba. Sawa, lakini lile daftari linanigusa zaidi, maana aproni ni ya dakika chache na daftari ni la miaka.

Shule yake ilianza saa tatu asubuhi hadi saa sita, kisha saa nane hadi saa kumi na moja. Mtoto alianza kusoma akitimiza miaka mitano, na siku moja ilitengwa ajifunze herufi zote. Walifaulu karibu wote. Molly na Nancy tu ndio walihitaji siku na nusu. Kesho yake walifunguliwa Mwanzo, sura ya kwanza, na hapo ndipo walipojifunzia kuunga maneno. Halafu kulikuwa na sheria hii, ambayo kwa wakati ule ilikuwa ya ajabu: binti asifundishwe kushona wala kazi nyingine mpaka awe anasoma vizuri sana. Aliona kwamba kuwatanguliza wasichana kwenye sindano ndiko kunakofanya wanawake wachache tu waweze kusoma kwa namna ya kusikilizika.

Sikuambii uige kila kitu. Watoto wake walifundishwa kuiogopa fimbo na kulia kimyakimya walipofikisha mwaka mmoja, wengine hata kabla ya hapo, na hilo mimi silipokei. Wala elimu ile haikuwaepusha binti zake na machozi. Hetty, mwenye kipaji cha ushairi kuliko wengi, alitoroka na mwanamume, akarudi ameaibika, na mwaka 1725 akaozwa kwa mtu asiyelingana naye. Baba yake alikataa kumsamehe. Nyumba ya Epworth haikuwa picha ya ukutani.

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba hiyo iliteketea. Susanna alikuwa mjamzito, karibu kujifungua, akapita katikati ya moto akiungua mikono na uso. John, mwenye miaka mitano, alibaki juu. Jirani mmoja alisimama mabegani mwa mwenzake, wakamchomoa dirishani. Watoto wote walipona. Vitabu viliungua, na maandishi ya mama pia.

Kwa miezi kadhaa watoto walitawanywa katika nyumba za watu. Waliporudi walikuwa na lugha chafu, nyimbo za mitaani, na Jumapili ilikuwa siku kama siku nyingine. Ungekuwa wewe, ungeanzia wapi? Yeye alianza na zaburi: ziimbwe shule inapofunguliwa na inapofungwa. Kisha akachukua kalamu. Alimwandikia binti yake Sukey maelezo marefu ya Imani ya Mitume, kipengele kwa kipengele. Akaandika juu ya Amri Kumi. Akaandika mazungumzo kati yake na Emily, binti mkubwa, kuhusu kumjua Mungu. Hakuwa na rafu ya kuchotea tena. Kilichobaki ni kile alichokuwa amekisoma na kukitafuna miaka yote ile kabla ya moto.

Miaka miwili na zaidi baadaye, majira ya baridi ya 1711 kuingia 1712, mumewe alikuwa London kwa shughuli za kanisa. Emily alikuta katika chumba cha vitabu cha baba yake taarifa ya wamisionari waliotumwa na mfalme wa Denmark kwenda Tranquebar, India. Mama aliposomewa, kwa siku kadhaa hakuweza kufikiri jambo jingine. Yeye hakuwa mwanamume wala mchungaji, lakini aliona kuna analoweza. Jumapili jioni alikuwa akisali na watoto na watumishi jikoni. Majirani wakaomba kuingia. Akachagua hotuba bora kuliko zote chumbani mle akawasomea. Walifika zaidi ya 200. Kasisi msaidizi, ambaye ibada zake hazikuwa na watu kiasi hicho, alimshtaki kwa mumewe. Samuel akamwandikia aache. Susanna alimjibu kwamba asimshauri tu, bali amwamuru waziwazi, ili yeye asiwe na hatia siku wote wawili watakaposimama mbele ya Kristo. Amri haikuja.

Taarifa ile ile ilizaa jambo la pili, dogo zaidi. Aligawa jioni za wiki, kila mtoto na yake, wakae wawili tu na kuzungumza habari za roho. Jumatatu Molly, Jumanne Hetty, Jumatano Nancy, Ijumaa Patty, Jumamosi Charles, Jumapili Emily na Sukey. Alhamisi ilikuwa ya John, aliyekuwa na miaka minane.

Mwaka 1732 John alikuwa na miaka 28, kasisi na mwalimu wa chuo huko Oxford, amezungukwa na vitabu kuliko mama yake alivyowahi kuwa navyo. Alimwandikia akimwomba amtengee tena kipande kile kidogo cha jioni ya Alhamisi.