Mfalme Afonso wa Kongo, Mwanafunzi na Mwalimu

Maji ya mto Ituri, unaopita upande wa kaskazini wa Oicha, huingia katika mto mkubwa wa Kongo na kwenda mpaka bahari ya Atlantiki. Huko, karibu na mahali mto unapomwagika baharini, palikuwa zamani na ufalme wenye nguvu, jina lake Kongo. Mji wake mkuu ulikuwa Mbanza Kongo, ambao leo umo katika nchi ya Angola.

Mwaka 1491 mapadri kutoka Ureno walimbatiza mfalme wa nchi ile, Nzinga a Nkuwu, naye akapewa jina la João. Mwanawe Mvemba a Nzinga alibatizwa mwaka huohuo, akaitwa Afonso. Baba alianza kwa furaha, lakini baadaye akalegea, akazirudia desturi zake za kwanza. Mwana hakulegea. Baba alipofariki, karibu na mwaka 1506, ndugu yake wa baba mmoja aligombea naye kiti cha ufalme. Afonso akashinda, akatawala mpaka karibu na mwaka 1542.

Siku zile palikuwa na mwamko mkubwa wa elimu katika Ulaya, ulioitwa baadaye Kuzaliwa Upya. Wataalamu walivifungua tena vitabu vya kale vya Wayunani na Waroma. Mitambo ya kupiga chapa ilizidisha vitabu, hata vikawafikia watu wengi. Mafundi wa picha nao walijifunza kumchora mwanadamu kama alivyo, mwenye mwili wenye uzito na uso wenye furaha au uchungu, ili mtu asiyejua kusoma ayafahamu mambo ya Mungu kwa macho. Kutoka mwaka 1508 hata 1512, fundi Michelangelo alikuwa akiichora dari ya kanisa dogo la Baba Mtakatifu huko Roma, akionyesha jinsi Mungu alivyouumba ulimwengu na Adamu.

Katika miaka hiyohiyo mfalme Afonso alikuwa akijenga shule. Watoto wa wakubwa wapata 400 walikusanywa Mbanza Kongo wajifunze kusoma, kuandika na kuijua dini. Mfalme mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa kwanza. Padri Mreno aitwaye Rui de Aguiar aliandika mwaka 1516 kwamba mfalme alidumu kusoma usiku hata akasinzia juu ya vitabu vyake, na mara nyingi alisahau chakula. Dada yake, ambaye alikuwa mama mzima wa miaka karibu 60, alijifunza kusoma naye, kisha akawafundisha wasichana. Basi asiwepo mzee wa kusema kwamba wakati wake wa kujifunza umepita.

Afonso aliwatuma pia vijana wa jamaa yake kusoma Ureno. Mmoja wao alikuwa mwanawe Henrique, aliyekaa na watawa wa Lisbon miaka mingi, akajifunza Kilatini na elimu ya Mungu. Mwaka 1518 Papa Leo wa Kumi alimchagua kuwa askofu, akiwa kijana bado, hata ikabidi apewe ruhusa kwa sababu umri wake haukutimia. Papa huyo alitoka katika jamaa ya Medici wa Firenze, iliyowatunza mafundi na wataalamu wengi wa zama zile. Henrique alirudi kwa baba yake mwaka 1521. Lakini afya yake ilikuwa dhaifu, naye akafariki kabla ya kupita miaka kumi na michache.

Lakini merikebu zilizoleta vitabu zilileta pia minyororo. Mfalme Afonso mwenyewe alikuwa amekubali mateka wa vita wauzwe, na jambo hilo halifai kufichwa. Mlango uliofunguliwa kidogo ukafunguka wote. Wafanya biashara wakaanza kuwakamata watu huru, watoto wa wakubwa, hata jamaa ya mfalme. Ninyi mnaoujua uchungu wa nyumba ambayo mtoto wake alichukuliwa asirudi, mwafahamu kilio cha nchi ile.

Mwaka 1526 Afonso alimwandikia mfalme wa Ureno kwa mkazo. Alimwarifu ya kuwa nchi inaishiwa na watu, akaomba asiletewe tena wafanya biashara na mali zao, ila mapadri na walimu, pamoja na divai na unga kwa ajili ya Misa Takatifu. Tena aliweka wakubwa watatu kuchungua kila mtu anayeuzwa, ili asipelekwe mtu huru. Biashara hiyo haikukoma. Karibu na mwisho wa maisha yake, siku ya Pasaka, Wareno kadhaa walijaribu kumwua kwa bunduki kanisani, wakati wa Misa. Mungu akamwokoa, wala yeye hakuiacha imani kwa sababu ya uovu wa wale waliojiita Wakristu.

Hapo ndipo penye fundisho kwa kila mkatekumeni. Baba na mwana walipata ubatizo mwaka mmoja, na maji yalikuwa yaleyale. Mmoja aliona ubatizo kuwa mwisho wa masomo, mwingine aliuona kuwa mwanzo. Elimu peke yake haikumkinga Afonso na kosa, kwa maana watu wenye vitabu vingi ndio waliowanunua ndugu zake. Lakini alipoliona kosa, aliitumia kalamu aliyojifunza ili kuwatetea watu wake.

Baada ya Henrique, Afrika ya watu weusi ilingoja kwa muda mrefu sana, hata mwaka 1939, Joseph Kiwanuka wa Uganda alipowekwa askofu wa Kanisa Katoliki la Kilatini. Mbegu ya Mbanza Kongo ilikaa ardhini zaidi ya miaka 400, wala haikuoza.