Ralph Bagnold: Mwanajeshi aliyejifunza kulivuka jangwa kwa gari

Magharibi mwa Mto Nile kuna Bahari Kuu ya Mchanga, eneo la matuta makubwa ambako miaka 100 iliyopita wengi waliamini gari haliwezi kupita. Ralph Bagnold alithibitisha kwamba linapita.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1896, akawa mwanajeshi mhandisi na kupigana Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1926 alipelekwa Misri. Likizo zake alizitumia kuingia jangwani na wenzake kwa magari ya kawaida ya Ford.

Huko gari likikwama hakuna kijiji cha kukimbilia, na maji yakiisha ni kifo. Joto lilichemsha rejeta na maji yakapotea kama mvuke. Bagnold alifunga bomba kutoka kwenye rejeta hadi kwenye kopo lenye maji kiasi. Mvuke uligeuka maji ndani ya kopo, na injini ilipopoa, rejeta iliyavuta yakarudi.

Kwenye mchanga laini walipunguza upepo wa matairi ili yatandazike, na gari lilipozama walitanguliza vipande virefu vya chuma chini ya magurudumu. Kwa kuwa chuma cha gari huipotosha dira ya sumaku, alitengeneza dira inayosomwa kwa kivuli cha jua. Mwaka 1932 aliongoza safari iliyofika hadi kaskazini magharibi mwa Sudan.

Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, Bagnold, aliyekuwa amestaafu, aliitwa tena jeshini na kupangiwa Kenya. Meli yake iligongana na nyingine katika Bahari ya Mediterania, akajikuta amerudi Misri. Mwaka uliofuata Italia, iliyoitawala Libya, iliingia vitani. Bagnold alipewa wiki sita tu kuunda kikosi cha doria ya jangwani. Wanajeshi wake wa mwanzo, wengi wao kutoka New Zealand, walipita na malori mahali ambapo adui hakutarajia mtu.

Mwaka 1941 kilichapishwa kitabu chake kuhusu jinsi upepo unavyosukuma mchanga. Wanasayansi bado wanakitumia, hata wanapochunguza sayari ya Mirihi, ambako matuta fulani yamepewa jina lake.

Bagnold alifariki mwaka 1990. Madereva wa jangwani bado wanapunguza upepo wa matairi kama yeye, na hakuna anayeondoka bila kwanza kuhesabu maji.