Alan Blumlein, mvumbuzi wa stereo aliyefariki kabla ya kuiona sokoni

Anayepanga bafle mbili nyumbani, Luberizi au Bukavu mjini, anatumia kazi ya Mwingereza Alan Blumlein, aliyezaliwa London tarehe 29 Juni 1903.

Inasimuliwa kuwa mwaka 1931, akiwa sinema na mwanamke aliyekuja kuwa mkewe, alikerwa kuona mwigizaji akitembea huku sauti ikibaki mahali pamoja. Tarehe 14 Desemba mwaka huo aliomba hataza ya stereo.

Alijua kwamba ubongo hulinganisha sauti ya masikio mawili ili kutambua inakotoka. Ndiyo maana bafle hutenganishwa, zikawa umbali sawa na msikilizaji na kugeuzwa kidogo kumwelekea. Zikirundikwa kona moja, stereo inapotea.

Mwaka 1934 alirekodi muziki kwa stereo katika studio za Abbey Road. Lakini tarehe 7 Juni 1942, ndege ya kijeshi iliyobeba rada waliyokuwa wakiijaribu ilianguka, ikaua watu wote 11. Blumlein alikuwa na miaka 38 na hataza 128.

Aliacha mjane na watoto wawili. Sahani za stereo zilienea madukani kuanzia 1958.