Maisha ya Bibi Cordelia Knott, Mpishi wa Buena Park

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za majemadari, wasafiri na wavumbuzi wa mitambo. Leo nawaletea habari za mwanamke aliyesifika kwa kupika kuku na kuwaandalia watu meza. Jina lake ni Bibi Cordelia Knott, wa jimbo la California huko Marekani.

Katika mji wa Buena Park, California, kuna bustani kubwa ya michezo iitwayo Knott's Berry Farm. Ndani yake mna gari moshi la kizamani, nyumba za mbao kama zile za wachimba madini wa zamani, na vigari vinavyopanda juu na kushuka kwa kasi hata waliomo wakapiga kelele. Bustani za namna hii kwa kawaida hujengwa kwa ajili ya michezo, kisha chakula huuzwa humo ili wageni wasirudi kwao mapema kwa sababu ya njaa. Ile ya Buena Park ilianza kinyume. Kwanza ilikuwapo meza ya chakula, na michezo ikafuata kwa kuwa watu walioingoja meza ile walikuwa wengi mno. Mwenye meza alikuwa Bibi Cordelia.

Alizaliwa mwaka 1890 katika jimbo la Illinois, na jina la ukoo wake lilikuwa Hornaday. Angali mtoto, wazazi wake walihamia California, wakakaa katika mji wa Pomona. Huko shuleni alikutana na kijana aitwaye Walter Knott, mtoto wa mhubiri wa Kimethodisti. Baba yake Walter alikufa mapema, hata kijana yule akajifunza tangu utotoni kulima mboga na kuziuza. Wawili hawa walioana mwaka 1911.

Bwana Walter alipenda kilimo kuliko kazi nyingine yoyote. Wakati ule serikali ya Marekani ilikuwa ikiwapa raia ardhi ambayo haijalimwa, kwa sharti kwamba mtu akae juu yake miaka kadhaa na kuiendeleza, ndipo iwe mali yake. Mwaka 1914 Walter alichukua ekari 160 katika jangwa la Mojave. Bibi Cordelia alimfuata na mtoto mchanga mkononi. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, maji yalikuwa ya shida, na upepo ulifukia mimea kwa mchanga. Kila walichopanda kilikauka. Ilimbidi mume aende mbali kutafuta kibarua, mara katika kutengeneza barabara, mara katika machimbo ya fedha ya Calico, na mke akabaki na watoto katika upweke ule. Walivumilia mpaka muda uliowekwa ukatimia, wakapata hati ya ardhi. Lakini hati hailiwi. Mwaka 1917 waliondoka.

Kutoka huko walikwenda Shandon, wakalima katika shamba la wafuga ng'ombe. Bwana Walter aliwalimia wenye shamba mboga, na mboga zilizozidi akaziuza. Bibi Cordelia naye hakukaa bure. Alipika peremende nyumbani, zikauzwa, na fedha yake ikaongezwa katika akiba ya nyumba. Hapa ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza kwamba mikono yake ilikuwa na thamani ya fedha.

Mwaka 1920 walihamia Buena Park, wakakodi ekari 20 pamoja na binamu yake Walter, wakapanda beri. Beri ni matunda madogo ya miiba, ndugu za yale meusi na mekundu ambayo watoto huchuma vichakani katika nchi zetu za milimani. Miaka ya kwanza ilikuwa mibaya kwa sababu ya jalidi, na bei ilikuwa ndogo. Hata hivyo kando ya shamba ilipita barabara iendayo pwani, na magari yalikuwa yakiongezeka kila mwaka. Walijenga kibanda kando ya njia, wakawauzia wasafiri matunda. Mwaka 1927 binamu alikwenda zake, na Walter akaanza kuinunua ardhi ile kwa bei kubwa, kwa mapatano ya kulipa kidogo kidogo.

Mwaka uliofuata, yaani 1928, walijenga nyumba nzuri zaidi kando ya barabara. Sehemu moja ilikuwa duka la matunda, sehemu nyingine ya kuuzia miche, na sehemu ya tatu ikawa mkahawa mdogo. Mkahawa huo ulikuwa mikononi mwa Bibi Cordelia. Aliwapa wasafiri chai, mikate midogo ya moto, jamu ya beri, na pai, yaani mkate uliojazwa matunda ukaokwa. Hakuwa na hamu ya kuwa mwenye hoteli. Alikuwa na watoto wanne wa kulea, na pai zile zilikuwa njia ya kutumia matunda ya shamba tu.

Kisha mwaka 1929 ikaja ile shida kubwa ya fedha iliyoivunja Marekani. Mabenki yalifungwa, watu wakakosa kazi, na bei ya ardhi ikaanguka. Shamba la akina Knott sasa lilikuwa na thamani ndogo sana kuliko deni walilokuwa wakililipia. Wengine waliokuwa katika hali hiyo waliona afadhali waache mashamba yao. Bwana Walter hakutaka kuvunja neno lake, akaendelea kulipa bei ile ile waliyopatana. Neno la mtu ni jambo la heshima, lakini fedha ya kulitimiza lazima itoke mahali. Sehemu yake kubwa ilikuja kutoka jikoni.

Yafaa nitaje hapa tunda lililowapatia jina. Mtu mmoja aitwaye Rudolph Boysen alikuwa amechanganya mbegu za beri za namna mbalimbali akapata beri kubwa kuliko zote, lakini aliiacha. Mtaalamu wa serikali, George Darrow, alipata habari zake, akamwomba Walter Knott amsaidie kuitafuta. Waliikuta michache ikifa katikati ya magugu. Walter aliipeleka shambani kwake, akaiuguza mpaka ikazaa, akaiita kwa jina la Boysen. Watu walikuja kutoka mbali kununua tunda hilo, na wengi waliokuja walikuwa na njaa.

Siku ya tarehe 13 Juni 1934, Bibi Cordelia alifanya jambo lililogeuza maisha yao. Aliandaa chakula cha jioni kwa wageni wanane. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, viazi ulaya vilivyopondwa, mchuzi mzito, mboga, mikate midogo ya moto, na mwisho pai ya beri. Bei yake ilikuwa senti 65 za Marekani kwa kila mtu. Sahani za mkahawa zilikuwa za chai na pai tu, wala hapakuwa na fedha ya kununua nyingine. Basi akatoa kabatini sahani zake za harusi, zile ambazo mwanamke huziweka kwa ajili ya wageni wa heshima, akawapakulia wasafiri asiowajua.

Naomba msomaji asimame kidogo hapa. Wale wanane walikuwa watu wa njiani. Wangekula, wangelipa, wangepanda magari yao na kwenda. Sahani ya harusi ikivunjika hairudi. Lakini mgeni aliyeketi mbele ya sahani ile alijua mara moja kwamba amepokewa nyumbani kwa mtu. Wazee wetu wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba ya akina Knott methali hiyo ilitimia kwa hesabu ya fedha, kwa maana wageni ndio walioliponya shamba.

Habari zilienea. Waliokula waliwaambia wenzao, na wenzao wakaja na jamaa zao. Ilibidi meza ziongezwe, kisha chumba kiongezwe, kisha nyumba yenyewe ipanuliwe tena na tena. Binti zake walikuwa miongoni mwa waliopeleka sahani mezani. Mmoja wao, Virginia, alianza kuuza zawadi ndogondogo juu ya meza moja pale walipongojea wageni, na meza hiyo baadaye ikawa duka. Siku ya sikukuu ya Shukrani mwaka 1937, watu 1,774 walikula chakula cha Bibi Cordelia. Kufikia mwaka 1940, Jumapili moja jioni iliweza kuwa na sahani 4,000. Tangu watu wanane hata 4,000 ilikuwa ni miaka sita tu.

Mtu anaweza kuuliza siri yake ilikuwa nini. Kwanza, hakutafuta vyakula vingi. Alipika vichache, vile vile kila siku, na kwa hiyo mgeni aliyerudi baada ya mwaka alikikuta chakula alichokumbuka. Pili, mambo mengi yalitoka karibu: beri zilichumwa pale pale shambani, na pai ziliokwa hapo hapo. Tatu, bei yake iliwafaa watu wa kawaida katika miaka ya dhiki. Baba mwenye mshahara mdogo aliweza kuwaleta mkewe na watoto, wakaketi kama mabwana, wakahudumiwa.

Hata hivyo wingi wa wageni ulileta taabu mpya. Watu waliandikisha majina yao, kisha wakangoja saa nyingi nje mpaka waitwe. Mtu mwenye njaa aliyesimama juani hukasirika upesi, na watoto hulia. Bwana Walter aliona kwamba kumtunza mgeni huanza kabla hajaketi mezani. Akatengeneza bustani ya mawe yenye maporomoko ya maji, akaweka mlima mdogo wa moto wa kuchezea, akajenga na meko ya kuiga yale ya nyumbani kwa George Washington, ili wangojao wapate cha kutazama. Mwaka 1940 alianza kujenga mji mdogo wa kizamani kwa ukumbusho wa wazee waliovuka jangwa kwa magari ya kukokotwa, maana bibi yake mwenyewe na mama yake walivuka hivyo mwaka 1868. Alikwenda akanunua nyumba kuukuu za mbao katika miji iliyohamwa, akazileta Buena Park. Mwaka 1952 gari moshi lilianza kuzunguka hapo. Basi hivyo ndivyo bustani ya michezo ilivyozaliwa, kutokana na foleni ya watu waliongoja kuku.

Mwaka 1955, Walt Disney alifungua Disneyland katika mji wa Anaheim ulio jirani. Wengi walidhani kwamba akina Knott watamezwa. Mambo hayakuwa hivyo. Wageni waliokuja kuiona bustani mpya walifika na Buena Park pia, na mkahawa ukazidi kujaa.

Kwa miaka mingi mji ule wa kizamani haukuwa na kiingilio. Mwaka 1968 ukuta ulijengwa na watu wakaanza kulipa mlangoni. Lakini mkahawa wa Bibi Cordelia uliachwa nje ya ukuta. Mtu aliweza kuja, akala kuku na pai, akaenda zake bila kununua tikiti ya michezo. Mimi naona jambo hili linafaa sana, kwa kuwa mkahawa ndio uliokuwa mama wa vyote, na mama hawekwi nyuma ya tikiti.

Bibi Cordelia Knott alikufa mwezi wa Aprili 1974, akiwa na umri wa miaka 84. Mume wake alimfuata mwaka 1981. Watoto wao waliuza bustani kwa kampuni kubwa mwaka 1997, ila mkahawa ulibaki na jina la Bibi Knott mlangoni, na kuku akaendelea kupikwa humo.

Katika vitabu vingi jina linalotangulia ni la Bwana Walter, na kweli alikuwa mtu wa bidii na mawazo makubwa. Lakini tukiangalia mambo yalivyofuatana, tutaona kwamba mawazo yale yalilishwa na jiko. Bila sahani zile nane, pasingekuwa na foleni. Na bila foleni, pasingekuwa na gari moshi.

Ndugu zangu, wengi wetu tukitafakari maisha ya baadaye twaona meza ya ofisini tu. Hata katika bwalo letu, zamu ya kugawa chakula huhesabiwa na wengine kama adhabu, na sahani hutupwa mbele ya mwenzio kama anayelishwa ni mbuzi. Katika nchi zetu hizi wageni wanakuja kutazama maziwa, milima na wanyama, na vijana wengi waliotoka shuleni wanapata riziki katika hoteli zinazowapokea. Mgeni huyo ataisahau bei aliyolipa, lakini hatasahau jinsi alivyopokewa. Bibi Cordelia hakuwa na kitu cha thamani ila sahani za harusi yake, naye alizitoa kwa wapita njia. Kila mmoja wetu na atazame kabati lake, aone ni nini kizuri alichokificha akingoja mgeni mkubwa, hali mgeni mwenyewe ameshaketi mezani.