Coco Chanel: Fundi aliyelipima vazi kwa mwendo wa mwanamke

JINA la Chanel linafahamika hata kwa watu ambao hawajawahi kuvaa nguo zake wala kunusa manukato yake. Wengi hulihusisha na utajiri, mikoba ya bei ghali na maduka ya Paris. Ni wachache wanaokumbuka kwamba lilikuwa jina la binti wa mchuuzi, aliyelelewa na watawa na kufundishwa kushika sindano ili apate njia ya kujitafutia riziki.

Mambo aliyoyafanya Gabrielle Chanel katika mavazi ya wanawake ni mengi, lakini yote yana mzizi mmoja. Alikataa kulipima vazi kwa mwanamke aliyesimama wima tu. Kwake, nguo iliyomkaa mwanamke sawasawa ni ile inayobaki mahali pake anapotembea, anapoketi, anapoinama na anapoinua mikono.

Gabrielle alizaliwa Agosti 19, 1883, katika mji wa Saumur nchini Ufaransa, kwenye hospitali ya maskini iliyohudumiwa na watawa. Baba yake, Albert Chanel, alikuwa mchuuzi aliyezunguka na bidhaa zake kutoka gulio moja hadi jingine. Mama yake, Jeanne Devolle, alikuwa akifua nguo za watu.

Mwaka 1895 mama huyo alifariki dunia, Gabrielle akiwa na umri wa miaka 11. Baba aliwapeleka binti zake katika nyumba ya watawa ya Aubazine, na huko ndiko Gabrielle alikojifunza kushona. Katika maisha yake yote alijitahidi kuificha habari hiyo, akibuni hadithi tofauti tofauti kuhusu utoto wake. Hata hivyo, wengi walioandika juu yake huona kwamba mapenzi yake kwa rangi nyeusi na nyeupe, na kwa nguo zisizo na makuu, yalianzia kwa watawa hao.

Alipofikisha miaka 18 alihamia mji wa Moulins, ambako alifanya kazi ya ushonaji mchana na kuimba jioni mbele ya askari wa kikosi cha farasi. Inaelezwa kuwa jina la Coco alilipata katika nyimbo hizo. Uimbaji haukumfikisha mbali, lakini huko Moulins alikutana na Étienne Balsan, kijana tajiri aliyefuga farasi wa mashindano, ambaye alimchukua kwenda kuishi katika makazi yake ya mashambani karibu na Compiègne.

Maisha hayo yalimfunza jambo ambalo darasa la ushonaji lisingeweza kumfunza. Wanawake wa tabaka la juu wa wakati huo walivaa koseti, yaani vazi gumu lenye vijiti vya chuma au mfupa wa nyangumi, lililokazwa kwa kamba hadi kiuno kikawa chembamba kuliko kawaida yake. Juu ya koseti walivaa magauni marefu yaliyoburura, na kofia kubwa zilizosheheni manyoya na maua. Mwanamke aliyevaa hivyo alihitaji mtumishi wa kumvika na kumvua.

Gabrielle, ambaye hakuwa na mali wala hadhi katika jamii hiyo, aliyatazama mavazi ya wanaume waliomzunguka. Aliona kwamba wao huweza kupanda farasi, kukimbia na kuingiza mikono mifukoni. Akaanza kuvaa suruali za kupandia farasi, mashati yenye kola na kofia za majani zisizo na mapambo. Umbo lake jembamba lilimsaidia, lakini lililowavutia waliomwona ni jinsi alivyoonekana kuwa huru ndani ya nguo zake.

Hakuwa wa kwanza kuipinga koseti. Paul Poiret, mbunifu aliyevuma Paris kabla yake, alikwisha kuiacha. Lakini Poiret huyo huyo ndiye aliyeeneza sketi zilizobana sana miguuni, kiasi cha kumlazimisha mwanamke kwenda kwa hatua fupi fupi. Alikifungua kiuno, akaifunga miguu.

Mwaka 1910, kwa msaada wa fedha kutoka kwa Mwingereza Arthur Capel, mwanamume aliyempenda kuliko wengine wote, Gabrielle alifungua duka la kofia katika namba 21 ya mtaa wa Cambon, Paris. Mwaka 1913 alifungua duka jingine huko Deauville, mji wa pwani waliokwenda matajiri kupumzika. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka uliofuata, wanawake wengi wa Paris walikimbilia huko. Wanaume walikuwa vitani na watumishi wamepungua. Wanawake walihitaji nguo ambazo mtu angeweza kuzivaa mwenyewe na kutembea nazo kwa miguu. Mwaka 1915 alifungua nyumba yake ya mavazi katika mji wa Biarritz.

Katika kipindi hicho ndipo alipoanza kutumia kwa wingi kitambaa cha jezi, ambacho hufumwa badala ya kusukwa kwa nyuzi zilizokazwa. Kabla ya hapo kitambaa hicho kilitumika zaidi kwa nguo za ndani za wanaume, na mafundi wakubwa walikidharau kwa kuwa hunyumbulika na hakishiki umbo. Chanel aliuona udhaifu huo kuwa ndiyo faida yake. Kitambaa kinachonyumbulika huufuata mwili, na fundi hawezi kukilazimisha kiuno ambacho mvaaji hana. Alishona makoti mepesi yenye mifuko, mikanda iliyolegea na sketi zilizoacha vifundo vya miguu wazi.

Capel alikufa katika ajali ya gari mwezi Desemba 1919. Chanel hakuolewa maisha yake yote. Kazi yake, hata hivyo, iliendelea kukua. Mwaka 1921 alitoa manukato ya Chanel Namba 5, yaliyotengenezwa na Ernest Beaux. Mwaka 1926 jarida la Vogue la Marekani lilichapisha mchoro wa gauni lake jeusi, jepesi na lisilo na mapambo, na kulifananisha na gari la Ford. Rangi nyeusi, iliyokuwa zaidi ya wafiwa na watumishi, ikawa rangi ambayo mwanamke yeyote angeweza kuivaa jioni.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa tofauti na ya wabunifu wengi. Hakuchora. Alikiweka kitambaa juu ya mwili wa msichana aliye hai, akakishika kwa pini na kukikata kwa mkasi aliokuwa ameuning'iniza shingoni kwa utepe. Sehemu iliyomsumbua kuliko zote ni mkono wa koti. Aliweza kuufumua mkono uliokwisha kushonwa na kuurudia mara nyingi, huku msichana akisimama kwa saa kadhaa.

Maisha yake yana upande mwingine ambao haufai kufichwa. Mwanamke huyu aliyewapa wenzake nafasi ya kupumua hakuwa mpole kwa wanawake waliomshonea. Katika migomo ya mwaka 1936 wafanyakazi wake walimzuia kuingia katika nyumba yake ya mavazi. Vita vilipotangazwa mwaka 1939 aliifunga nyumba hiyo, akaacha duka la manukato tu, na mafundi wake wakapoteza ajira.

Wakati Wajerumani walipoikalia Paris, aliishi katika hoteli ya Ritz na kuwa na uhusiano na ofisa wa Kijerumani, Hans Günther von Dincklage. Mwaka 1941 alijaribu kuzitumia sheria za Wanazi dhidi ya Wayahudi ili kuwapokonya ndugu Wertheimer, washirika wake, kampuni ya manukato. Hakufaulu, kwa sababu walikuwa wameikabidhi mapema kwa Mfaransa asiye Myahudi. Nyaraka zilizofunguliwa miaka mingi baadaye zinaonyesha kwamba idara ya ujasusi ya Ujerumani ilimwandikisha kama wakala wake. Mwaka 1944 alihojiwa na kuachiwa, kisha akaishi Uswisi kwa miaka kadhaa.

Huenda angesahaulika huko. Lakini mwaka 1947 Christian Dior aliushangaza ulimwengu kwa magauni yenye viuno vilivyobanwa upya na sketi pana zilizotumia kitambaa kingi. Koseti, ambayo wanawake walidhani wameizika, ilirudi kwa jina jingine. Chanel hakuvumilia. Februari 5, 1954, akiwa na umri wa miaka 70, alionyesha mavazi mapya mjini Paris. Magazeti ya Ufaransa yalimbeza na kusema amepitwa na wakati. Wamarekani ndio waliozinunua nguo zake, na baada ya misimu michache suti ya Chanel ikawa vazi la wanawake wa ofisini na wa ikulu.

Suti hiyo ndiyo muhtasari wa yote aliyoyaamini. Koti halikuwa na mito migumu mabegani. Bitana ya hariri ilishonwa pamoja na kitambaa cha sufu kwa mistari ya mishono, ili viende pamoja bila kuhitaji kitu kigumu katikati. Ndani ya pindo la chini ulishonwa mkufu mwembamba wa chuma, ambao uzito wake ulilifanya koti lianguke wima na kurudi mahali pake. Mifuko ilikuwa ya kutumika, na kila kifungo kilikuwa na tundu lake. Sketi ilifunika magoti, kiungo ambacho yeye hakukiona kuwa kizuri.

Siri kubwa ilikuwa katika tundu la mkono. Watu wengi hudhani kwamba tundu pana humpa mvaaji nafasi. Ukweli ni kinyume chake. Tundu likishuka chini ya kwapa, mkono unapoinuliwa huvuta ubavu mzima wa koti, na koti lote hupanda hadi shingoni. Chanel alilikata tundu dogo na la juu, karibu na kwapa, kisha akaupa mkono wa koti umbo la kufuata kiwiko. Mvaaji akiinua mkono, mkono wa koti pekee ndio unaosogea, koti hutulia.

Chanel alifariki dunia Januari 10, 1971, katika chumba chake hotelini Ritz, akiwa na umri wa miaka 87 na akiwa bado anafanya kazi. Alizikwa Lausanne, Uswisi. Mavazi aliyokuwa akiyaandaa yalionyeshwa wiki mbili baadaye.

Msomaji ana haki ya kumhukumu kwa aliyoyatenda wakati wa vita. Elimu yake ya kushona, hata hivyo, haihitaji jina lake wala fedha zake. Mwanamke anayekwenda kwa fundi kujaribu nguo kwa kawaida husimama mbele ya kioo, hutazama kiuno, hulipa na kuondoka. Anachokosa ni jaribio ambalo Chanel hakuliruka kamwe.

Aketi kwanza, aone kama sketi inapanda kupita kiasi au inamkata tumbo. Ainue mikono yote miwili kama anayeshika bomba ndani ya basi, aone kama koti linabaki mabegani. Ainame kama anayeokota kitu, apige hatua ndefu, apinde viwiko. Mahali popote nguo inapovuta, hapo pana kosa la kipimo, na kosa hilo hurekebishwa kabla uzi wa mwisho haujafungwa. Nguo ambayo mwenyewe analazimika kuivuta chini kila baada ya hatua kumi haijamkaa, hata kama kitambaa chake kimetoka Paris.